Singo ya Jemima

Mara tatu Bi Twaiba aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba yule nyoka halali tena nyumbani mwake, na mara tatu nyoka akalala, tena usingizi wa pono. Sasa kiapo si mchezo. Ukiapa ukashindwa, sheria inasema ulishe maskini kumi, na ukiwa huna uwezo ndipo ufunge siku tatu. Twaiba alijihesabu hana uwezo, kwa kuwa maskini wa Mwabungo aliwajua mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja anayetosheka na sahani moja. Basi akafunga. Siku tisa alifunga kwa sababu ya nyoka, na siku zote tisa mumewe, Mzee Sefu, alikaa barazani adhuhuri akala wali wake na changu wa kupaka, akalamba vidole, akasema, "Swaumu ikubaliwe, Mama Alamin."

Nyoka mwenyewe alikuwa chatu wa kike, mrefu kumshinda Sefu, jina lake Jemima. Jina hilo hakupewa na Sefu, astaghfirullah. Alipewa na Mjerumani mmoja wa Galu ambaye Sefu alimlindia nyumba miaka kumi na tisa. Mjerumani alipochoka na jua akaamua kurudi kwao akafe kwa baridi, alimwachia Sefu vitu vitatu: friji, baiskeli, na Jemima pamoja na kibali cha serikali cha kumfuga. Friji ilikufa Ramadhani ya kwanza. Baiskeli iliibiwa nje ya msikiti, siku ya Ijumaa, na mtu ambaye bila shaka alikuwa ameshatawadha. Jemima akabaki. Kile kibali Sefu alikitia fremu ya kioo akakitundika ukumbini, na cheti chao cha ndoa kilikuwa uvunguni mwa kitanda ndani ya kopo la samli. Jambo hilo Twaiba hakuchoka kulitaja.

"Una mapenzi gani na kitu kisichojua hata kukusalimia?" humuuliza.

"Ulimi wake umepasuka mara mbili," Sefu humjibu, "na hajawahi kunisema. Wewe wako mmoja mzima, na tazama ninavyoishi."

Lakini Twaiba alijua mapenzi yale yalitoka wapi, na ndiyo maana yakamuuma. Tangu mwaka juzi mikono ya Sefu ilikuwa ikitetemeka. Kikombe kikimfikia mdomoni, nusu iko kanzuni. Wenzake wa barazani walikuwa wameacha kumgawia karata, si kwa ubaya, ila zilimwagika chini kila mtu akaziona. Na Jemima akijizungusha kwenye mkono ule, mkono ulitulia tuli. Twaiba aliushika mkono huo huo mara ngapi, akaukumbatia, akaukanda kwa mafuta ya mkaratusi, nao ukatetemeka vile vile. Chatu hana hata vidole, na anamshinda mke wa ndoa! Wewe ungekuwa Twaiba usingeapa?

Kazi ya Twaiba ilikuwa mikono. Alikuwa somo wa kuwaandaa maharusi, na mabibi harusi wa Mwabungo na Kinondo na Gazi wamepita chini ya viganja vyake kwa miaka thelathini. Alitwanga singo yake mwenyewe, waridi, liwa, karafuu, dalia na siri mbili tatu ambazo hata nikizijua siwezi kukutajia, akamsugua bibi harusi mpaka mamake mwenyewe akauliza huyu ni nani. Wengine husugua kama wanaparura samaki. Twaiba hakuwa hivyo. "Ngozi haikwanguliwi," alikuwa akisema. "Ngozi hubembelezwa, ikaondoka yenyewe kwa aibu."

Mwaka huu alikuwa amepata harusi kubwa. Bi Mwanapili wa Msambweni, mwanamke mwenye majumba na pua, alikuwa akimwoza bintiye Ummi mwisho wa mwezi, na alimtaka Twaiba na hakuna mwingine. Masomo wenzake wa Ukunda walinuna mpaka midomo ikawatuna. Kila wiki Bi Mwanapili alikuja mwenyewe kuikagua singo, na siku ya kwanza tu, hajakaa vizuri, pua ile ikaanza kazi.

"Twaiba dada yangu, mbona pana harufu ya... kitu?"

"Ni dagaa wa jirani," Twaiba akasema bila kupepesa.

Kisanduku cha Jemima kilikuwa pale pale ukumbini, kimefunikwa kitambaa cha mezani chenye mashada, na juu yake maua ya plastiki. Bi Mwanapili alikiweka kikombe chake cha kahawa juu yake akaendelea kuzungumza habari za mapambo. Twaiba alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Tangu siku hiyo nyumba ikafukizwa. Asubuhi ubani, jioni udi, chetezo kimejaa makaa mekundu, kimewekwa ubavuni mwa kisanduku kwa kuwa huko ndiko harufu ilikotoka, na madirisha yamefungwa ili moshi usipotee bure. Wiki tatu mfululizo. Humo ukumbini ukiingia na embe bichi unatoka na achari. Sefu alikohoa, akafuta macho, hakusema neno.

Kisha macho ya Jemima yakafanya ukungu. Sefu alifurahi, maana hiyo ndiyo dalili ya nyoka kutaka kujivua gamba, na Jemima alikuwa akijivua vizuri siku zote. Huanzia mdomoni, akalitoka gamba lake zima kama mtu anavyovua soksi, na Sefu akalikunja akalitia kabatini. Safari hii siku zikapita. Ngozi ikaanza kubanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta uliojengwa na mkandarasi mwizi. Huku imetoka, huku imegoma. Panya wa Kahindi, jirani aliyewafuga kwa kazi hiyo, aliingizwa kisandukuni akatolewa mzima, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akatoka amenenepa.

"Ni jicho," Sefu akasema. "Watu wamemhusudu."

"Nani amhusudu nyoka? Kwa nywele zake?"

Sefu hakusikia. Alikwenda kwa ustadhi kuomba kombe la maji ya dua, na ustadhi, mtu mpole sana, alimsikiliza mpaka mwisho. "Mzee wangu," akasema, "mimi nawasomea Waislamu. Huyo umesema anaitwa Jemima." Sefu akarudi amekunja uso, akasema wanazuoni wa siku hizi wana ubaguzi.

Hapo ndipo walipompigia Daktari Faith, msichana wa bara aliyekuwa akitibu wanyama pale Ukunda. Wakati huo alikuwa Kikoneni akichanja mbuzi, na hangerudi kabla ya siku mbili. Sefu aliweka simu mezani ikanguruma ukumbi mzima, mbuzi nao wakichangia.

"Mzee, hiyo ngozi imekauka tu," daktari akasema. "Huyo anataka unyevu. Huko ndani kukoje? Kuna kitu mnawasha? Jiko, hita, moshi wowote?"

Twaiba akatazama chini. Chetezo kilikuwa pale miguuni pake, bado kina majivu ya asubuhi.

"Hapana, daktari," akasema haraka.

Sefu akamtazama. Akakitazama chetezo. Kisha akainamia simu. "Hapana, daktari. Hakuna."

"Sawa. Sasa niambieni, kwa mkia pakoje?"

Mkiani ngozi kavu ilikuwa imejikunja ikawa pete, na nyuma ya pete ile ncha ya mkia ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Sefu akamweleza. Mbuzi mmoja akalia.

"Hiyo ndiyo mbaya, mzee. Inakaza kama raba, damu haipiti. Kama haijatoka kufikia kesho, mkia utaoza, na kuoza kwenyewe kunapanda. Mnaweza kumpoteza. Mloweke kwa maji ya uvuguvugu, halafu taulo mbichi, polepole, na mikono ya mtu mwenye subira. Msivute. Macho msiguse kabisa. Na msimpake kitu, sijui mafuta, sijui manukato. Maji peke yake."

Sefu alijaribu mwenyewe. Alikaa uani na ndoo, taulo begani, akaushika ule mkia kama mtu anayeshika yai la Pasaka ya watu. Mikono ikakataa. Aliposogeza pete kulia, kidole kikaruka kushoto, na mara ya tatu gamba zima likachanika na tone la damu likatoka. Jemima akajikunja. Sefu akaliweka taulo chini taratibu, akakaa kwenye tofali, akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yakimtoka tu, naye hakuyafuta, labda kwa kuwa hata kuyafuta kulihitaji mkono.

Twaiba alisimama mlangoni mwa jikoni. Mara ya mwisho kumwona analia ilikuwa siku ya kumzika mamake. Akajiona yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, anapuliza makaa yake, anajisifu kwa harufu. Mchawi ndiye mimi, akawaza, na niliyemroga ni huyu.

"Ondoka hapo," akasema. "Leta beseni."

"Lipi?"

"Lile la mabibi harusi."

Sefu akafungua mdomo. Beseni hilo lilikuwa la shaba, halikufuliwamo hata kanga, na watoto wa nyumba hiyo walichapwa kwa kulikanyaga tu.

"Unanitazama nini? Umesikia lete, lete!"

Akajifunga kanga kifuani, akakunja mikono ya nguo, akajaribu maji kwa kiwiko kama kawaida yake. Alikuwa amemchukia Jemima miaka mitatu bila kumgusa hata siku moja, na sasa alipomshika alishangaa. Alitegemea utelezi na baridi ya kamasi. Kumbe alikuwa mkavu, mzito, mwenye nguvu chini ya ngozi, na ngozi yenyewe ilikuwa ngozi. Mikono ikajua kazi yake bila kuulizwa.

"Haya, bibi," akamwambia. "Legeza mabega." Akamwangalia. "Huna mabega. Legeza ulicho nacho."

Jemima akatumbukia majini akatulia. Twaiba alilowesha taulo, akalipitisha kutoka shingoni kwenda chini, akilibonyeza tu, kisha akarudia, na kisha akarudia. Kinywa chake nacho kilikuwa kimezoea, hakikuweza kukaa kimya mbele ya beseni.

"Mume akirudi kazini usimvamie kwa shida za siku nzima. Mpe maji kwanza. Akinuna, mwache anune, kununa hakujaua mtu. Na akikupa mkono wake ushike hata kama..." Akakohoa. "Mume mwenyewe unaye tayari, tena wangu, basi hilo tunaliruka."

Sefu alikuwa ameacha kulia. "Utie liwa kidogo?" akauliza.

"Daktari amekataza."

"Hata marashi?"

"Sefu, unataka apone au unataka kumwoza?"

Vipande vya mgongoni vikaanza kuachia. Cha kwanza kilitoka kipana kama kiganja, chini yake rangi mpya inang'aa, kahawia na dhahabu, na Twaiba akajikuta amesema mashallah kabla hajajizuia. Akahamia mkiani. Pale alifanya kazi kwa ncha za vidole viwili tu, maji, taulo, maji, taulo, kama anavyofanya nyuma ya masikio ya bibi harusi ambako ngozi ni nyepesi. Robo saa. Nusu saa. Pete ikaanza kulainika ukingoni.

Hapo hapo, mlango wa mbele, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya Bi Mwanapili. Siku haikuwa yake, lakini mwenye harusi na mwenye deni hawana ratiba.

Sefu akaruka. "Nimfunike? Nilete mkeka? Nenda ukanawe mikono, mimi nitam..."

Twaiba akaiangalia mikono ya Sefu, ile iliyokuwa tayari kupokea. Akaiangalia pete. Imeachia nusu. Akiiacha sasa itakauka tena, na itakaza pale pale, na kesho ndiyo kesho. Miaka thelathini ya jina lake ilikuwa imesimama mlangoni na viatu vya kisigino. Alitamani kusema uongo mwingine, mmoja tu, mdogo.

"Karibu, dada Mwanapili!" akaita. "Pita mpaka uani! Siwezi kuinuka, nina kazi mkononi!"

Bi Mwanapili akapita, buibui linapepea, manukato yanamtangulia. Akafika mlango wa uani, akasimama. Jemima, mtu wa adabu, akainua kichwa kutoka beseni akautoa ulimi.

Mgeni akanyoosha kidole.

"Hilo," Bi Mwanapili akasema polepole, "si ndilo beseni la..."

"Ndilo."

"Na hiyo mikono ndiyo utakayo..."

"Ndiyo hii hii. Mingine sina."

"Na ile meza yenye maua. Kahawa yangu. Twaiba, kahawa yangu niliiweka juu ya nini?"

"Juu yake," Twaiba akasema bila kuacha kusugua. "Alivumilia, maskini."

"La haula! La kuvunda halina ubani! Nilijua, pua yangu haijanidanganya hata siku moja! Mwanangu Ummi asuguliwe kwa mikono ya... Ebo!"

Akageuka. Kisigino kimoja kikakwama kwenye ufa wa sakafu, akakiacha na kiatu chake, akatoka mguu mmoja juu mmoja chini mpaka garini. Kabla ya alasiri habari zilikuwa zimefika Msambweni, na kufikia magharibi zilikuwa zimerudi zimekua: Twaiba wa Mwabungo huwaosha mabibi harusi kwa maji ya nyoka ndiyo maana wanapendwa na waume zao. Wawili kati ya hao mabibi harusi wa zamani walisemekana walicheka. Mmoja alitaka talaka.

Twaiba hayo hakuyajua bado. Alijua tu kwamba pete imezunguka chini ya kidole chake. Akaibembeleza. Ikatoka, nyepesi kama ganda la kitunguu, ikaelea majini, na mkia wa Jemima ukajikunja na kujikunjua kana kwamba umekumbuka una mwenyewe. Weusi ulibaki kwenye ncha tu. Jicho la kushoto lilikuwa bado na ukungu, wakaliacha kama walivyoamriwa.

Sefu alimchukua Jemima akamzungusha mkononi, na mkono ukatulia. Wakakaa wote watatu pale uani. Kiatu cha Bi Mwanapili kilikuwa mlangoni kinawatazama.

"Baba Alamin," Twaiba akasema. Alikuwa akiyaangalia maji. "Daktari aliuliza kama tunawasha kitu."

"Aliuliza."

"Nikasema hapana."

"Ulisema."

"Nilidanganya. Wiki tatu nimemkausha mnyama wako kwa makaa. Kwa ajili ya pua ya yule mwanamke. Nilijua tangu daktari alipouliza, na nikanyamaza."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mama Alamin, mimi nina mikono mibovu. Pua yangu nzima."

Twaiba akamgeukia. "Sasa kwa nini na wewe ulisema hapana?"

"Wewe ulikuwa umeshasema hapana. Ningesema ndiyo, daktari angejua mke wangu mwongo."

"Na nyoka angekufa!"

"Angekufa." Sefu alimpapasa Jemima shingoni. "Ningemlilia, kisha ningemzika. Nyoka niliachiwa. Wewe nilikuposa."

Twaiba alihisi kitu kizito, kichungu, kitamu, na kwa kuwa hakuwa na jina lake akakigeuza hasira, maana hasira alikuwa na mazoea nayo. Akasimama, maji yanamchuruzika viwikoni.

"Wallahi!" akapaza sauti. "Wallahi nakuapia, Sefu, sikusemeshi tena mpaka mwezi uandame! Mtu mzima unakaa na neno kama hilo kifuani, unaniacha nachoma ubani kama mwendawazimu! Sikusemeshi!"

Akaingia jikoni. Akasimama huko akalia, upindo wa kanga usoni, na akajifuta. Dirishani akamwona Sefu amemrudisha Jemima kwenye kisanduku, ameinama kulinyanyua lile beseni la shaba lililojaa maji, mikono inatetemeka, maji yanaruka huku na huku.

"Weka chini wewe!" akapiga kelele. "Utavunja kiuno!"

Sefu akaliweka chini. Akamtazama kupitia dirishani.

"Umesema," akamwambia.

"Sikusema."

"Siku tatu, Mama Alamin."

Kesho yake Twaiba akaanza kufunga. Chetezo kilikuwa kimehamishwa kwenye banda la kuku, na bakuli la maji limewekwa kisandukuni kwa Jemima. Adhuhuri Twaiba alikuwa chumbani ametega sikio, anangoja harufu ya changu, anangoja kusikia vidole vikilambwa, ameshatayarisha na la kujibu. Kimya. Akatoka barazani. Sefu alikuwa amekaa mahali pake, mikono mapajani, midomo imekauka, hakuna sahani.

"Wali uko jikoni," Twaiba akasema.

"Nimeuona."

"Sasa?"

"Nimefunga."

"Wewe umefunga cha nini? Hukuapa kitu wewe."

"Nilimwambia daktari hapana," Sefu akasema. "Hapana yako na yangu ilikuwa moja."

Twaiba akaketi kando yake, akauchukua mkono ule. Ulitetemeka. Akauacha utetemeke ndani ya wake, na siku hiyo hakujilinganisha na mtu.

Siku ya tatu ya swaumu, wakiwa wamekaa vile vile, wakasikia kishindo kidogo ukumbini, kisha kimya. Sefu alikuwa amemwingiza panya wa Kahindi tangu asubuhi bila matumaini. Wakanyata wote wawili mpaka kisandukuni wakafunua kile kitambaa. Mkia wa panya ndio uliokuwa ukimalizikia mdomoni. Nyumba nzima, aliyekula mchana ule ni Jemima peke yake.